Kaka Yangu kwa Kizungu

Kama singekuwa najua yale maneno, nisingepewa kazi ya kumwandika kaka yangu. Kwa hivyo naanzia kwa maneno.

Mimi ni mtu wa haya. Si ile haya ndogo ya kuangalia chini mgeni akija. Yangu hufunga koo. Darasani nikiulizwa swali na jibu ninalo, jibu linakaa nyuma ya meno, linakataa kutoka, mpaka mwingine analisema na kupigiwa makofi. Nimeshazoea. Lakini kwa karatasi siogopi mtu, na mwalimu wetu wa Kiingereza aliligundua hilo nikiwa Kidato cha Kwanza.

Mwalimu huyo ana desturi yake. Kila asubuhi huandika neno moja kwenye pembe ya ubao, analizungushia kisanduku, na hakuna mtu wa kulifuta hadi jioni. Hata mwalimu wa hesabu akikosa nafasi ya kuandikia, anapitisha hesabu zake kando ya hicho kisanduku kama maji yanayozunguka jiwe. Jioni kila mtu lazima awe ameliweka neno ndani ya sentensi yake mwenyewe. “Insha bila msamiati ni muthokoi bila chumvi,” hutuambia. “Utakula, lakini kwa nini?” Ukiandika kwamba mtu alikuwa *sad*, anakata kwa kalamu nyekundu na kuandika kando: ya darasa la tatu. Anataka *crestfallen*. Anataka *disconsolate*. Ukimwandikia *lugubrious* anaweka tiki mbili, tena kubwa, zinazotoboa hadi ukurasa wa nyuma. Mimi nilijua namna nyingi za kuandika huzuni wakati kwetu hatukuwa na huzuni yoyote ya kuzidi ya watu wengine.

Nilizipenda hizo tiki. Na nililipenda neno gumu kwa sababu nyingine ambayo sijawahi kumwambia mtu. Ukilitaja neno gumu, watu hawakuulizi swali la pili. Wananyamaza na wewe unapita.

Kamusi niliyokuwa nikisoma ilikuwa ya kaka yangu. Alinunuliwa hiyo akiingia sekondari, na alipoacha shule akiwa Kidato cha Pili, mwaka ambao baba alifariki, aliniwekea juu ya kitanda changu. Baada ya hapo alishuka mtoni.

Mto wetu hauna maji miezi mingi. Uko na mchanga. Ukitoka barabara ya Wamunyu unaona malori yamepanga foleni kule chini, na vijana ndani ya mto wakirusha mchanga juu kwa sepetu, mmoja chini, mwingine juu yake, mwingine kwa lori. Mchanga wa katikati uliisha zamani. Siku hizi wanachimba kingo. Wanaingia chini ya ukingo kama panya anayekula mkate kutoka ndani, na juu kunabaki paa la udongo ambalo halijashikwa na kitu.

Jioni kaka alikuwa akija, anakaa kwenye kigoda nje ya jikoni, mama anamletea maji ya moto kwa karai. Akishaingiza miguu ndani ya maji ananiita.

“Haya msomi. Toa moja.”

Mimi natoa. Lile la ubaoni siku hiyo, ama lingine la kutoka kwa kamusi. Analirudia mpaka linamkaa mdomoni, halafu kesho yake analipeleka mtoni na kulitumia vibaya kabisa.

“Leo nimemwambia yule dereva wa lori la buluu, wewe ni *obstreperous* sana.”

“Haiya! Umemwita mtu wa fujo, huyo mkali? Akasema nini?”

“Akashuka.”

“Akashuka kufanya nini?”

“Kunipiga. Nikamwambia, pole pole mzee, hilo ni jina la heshima. Ni kama kusema mheshimiwa.”

“Na akaamini?”

“Saa hii anajiita hivyo. Amesema ataandika nyuma ya lori.”

Nilicheka hadi nikamwaga maharagwe. Mama alikuwa ndani jikoni, anauliza, “Mnacheka nini nyinyi?”

“Ni Kizungu, mwaitu,” kaka akasema.

“Kizungu kinachekesha hivyo?”

“Kinategemea nani anaambiwa.”

Mama naye akacheka, bila kujua anacheka nini. Yeye hakupitia shule. Anajua Kikamba chake na Kiswahili cha sokoni, na Kiingereza kwake ni sauti ya redio ya jirani, iko tu.

Siku nyingine nilimpa *taciturn*. Nikamwambia ni mtu asiyependa kuongea. Akaniangalia.

“Kumbe wewe uko kwa dictionary.”

“Na wewe je?”

“Mimi nitafutie. Lazima niko.”

Nilitafuta, nikampatia *gregarious*, mtu anayependa kuwa na watu. Alifurahi wiki nzima. Na ilikuwa kweli. Hakuweza kupita mtu njiani bila kusimama. Ukimtuma chumvi, unakula bila chumvi.

Lakini sitaki kumfanya malaika. Alikuwa na kinyongo cha miaka na jirani yetu mmoja kwa sababu ya mbuzi. Jumapili alikuwa analala hadi watu watoke kanisani. Na mchanga aliuchukia. Hakuwa anaficha. Alisema mchanga unaingia hadi ndani ya ndoto, unaota unakula na chakula kina mchanga.

Alikufa wiki ya kufungua shule, asubuhi. Nilikuwa nje nikipiga pasi sketi ya shule nikasikia lori linapiga honi kule mtoni. Halikuacha. Nilidhani ni harusi inapita, nikajiuliza ni harusi gani ya katikati ya wiki. Kumbe dereva alikuwa ameshikilia honi ili watu waje wasaidie kuchimba.

Tulipofika, ukingo ulikuwa umekaa chini. Sijui niseme vipi. Palipokuwa na ukingo na mti mmoja wa mgunga juu yake, palikuwa na lundo, na mgunga umelala. Vijana walikuwa wanachimba kwa mikono. Mzee mmoja alikuwa anawapigia kelele, “Wekeni sepetu chini! Mtamkata! Mikono!” Mimi sikupiga nduru. Mama ndiye alipiga. Walipomtoa walimlaza kwenye turubai la lori, na mama akapiga magoti akaanza kumtoa mchanga masikioni kwa pembe ya leso yake. Akitoa hapa, unaonekana pale. Mdomoni, puani, kwenye kope. Watu walimwambia basi, mama, basi, na yeye anasema, “Bado hapa. Bado hapa.”

Huku kwetu mtu akifariki, komiti inakaa kila jioni nyumbani kwao hadi siku ya kuzika. Mwenyekiti alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba, ambaye alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi na hadi leo akiongea na wewe unaangalia kama kucha zako ni safi. Mwenye malori yale ya mtoni alikuja jioni ya kwanza. Alileta mikate na sukari, akasema hema na viti viko juu yake, na gari la kumtoa mochari pia liko juu yake. Watu walimwombea baraka. Alikuwa analia. Nasema hivyo kwa sababu nilimwona, machozi yalikuwa ya kweli.

Halafu wakafika kwa programu. Programu ni ile karatasi ya kukunja, picha ya marehemu mbele, nyimbo nyuma, na katikati wasifu wake, ambao huku kila mtu anauita tu eulogy. Unachapishwa kwa saiba, kile kibanda cha kompyuta sokoni, na siku ya mazishi mmoja wa watoto wa nyumba anausoma kwa maikrofoni. Hauandikwi kwa Kikamba. Sijawahi kuona. Hata mazishi ambayo kila aliyekaa chini ya hema ni mkulima wa kunde na mtama, wasifu unakuwa wa Kiingereza, watu wanatulia, wanasikiza hadi mwisho, na wanaitikia amina.

“Huyu ataandika,” baba mkubwa akasema, ananionyesha kwa kidole. “Si yeye ndiye bingwa wa Kizungu? Aandike, asome.”

Watu wote waligeuka. Nilitamani kuingia ndani ya ardhi, halafu nikakumbuka ni nani ametoka kuingia ndani ya ardhi, nikaona aibu ya pili kubwa kuliko ya kwanza.

 Mama aliniita jikoni nilipokuwa naleta vikombe.

“Ni wewe utamsema?”

“Ni mimi, mwaitu.”

“Umseme vizuri. Usimwongeze, usimpunguze. Watu wakiwa wamekaa hapo wote.” Akageuza kuni. “Mimi siku hiyo sitaona kitu, macho yatakuwa yameharibika. Lakini masikio yangu ni mazima. Nataka nimsikie alivyokuwa, na watu wasikie.”

Sijawahi kuombwa kitu na mama. Huwa natumwa. Hii alikuwa ananiomba.

Nilienda kwa baba mkubwa asubuhi yake, kabla wageni hawajaanza kufika. Nilikuwa nimejifunza sentensi yangu njiani kama mtu anayeenda kutetea neno darasani.

“Baba mkubwa, naomba niandike kwa Kikamba.”

“Nini?”

“Eulogy. Ama hata Kiswahili. Ndio mwaitu asikie.”

Alivua miwani. “Mama yako alimzaa huyo kijana. Kuna kitu utamwambia hakijui? Wasifu ni wa wageni. Kuna watu watatoka Nairobi, kuna wa kanisa, kuna walimu wako. Unataka waende wakisema tulimfukia kama mbwa?”

“Lakini…”

“Kikamba kwa programu! Hata picha itakataa kukaa hapo.”

Picha yenyewe ilikuwa shida. Hakuwa na picha nzuri. Ile tuliyopata ilikatwa kutoka kwa picha ya harusi ya mtu mwingine, na ukiangalia vizuri begani kwake kuna vidole vya mtu ambaye hayuko.

Niliandika mara ya kwanza kwa Kiingereza kidogo. Niliandika kwamba kaka yangu alikuwa anachimba mchanga. Hakuupenda lakini alienda. Alipenda watu, alipenda chapati, alipenda kudanganya madereva. Nikaandika ukingo ulianguka. Nilifikiri, nikisoma pole pole, kuna watu karibu na mama ambao watamnong’onezea, na maneno ni madogo, yatavuka.

Baba mkubwa alitoa kalamu nyekundu mfukoni. Sikujua bado anatembea nayo.

“Hii ni composition ya darasa la nne,” akasema. “Kule shuleni si nasikia unapewa zawadi? Hayo maneno yako wapi? Unayawekea nani?” Akapiga mstari juu ya chapati. Akapiga mstari juu ya madereva. Alipofika kwa mchanga alisimama, akapiga mistari miwili. “Hii toa.”

“Mchanga?”

“Toa.”

“Baba mkubwa, ndiyo ilikuwa kazi yake. Na ndiyo…”

“Unajua kuchimba pale chini kulipigwa marufuku? Unajua? Chifu atakuwa amekaa hapo mbele. Unataka kusimama na maikrofoni useme mtu wetu alikufa akivunja sheria?” Alishusha sauti, akaangalia kule nje vijana walikokuwa wanapakua viti. “Na hilo hema ni la nani? Hilo gari litakalomleta nyumbani? Tafuta neno. Wewe si ndiye unayajua? Tafuta neno kubwa uweke hapo.”

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ananunua utulivu wa siku moja, na hakuwa na kitu kingine cha kununulia isipokuwa mimi.

Basi nilikaa na kamusi. Nilitafuta. Kaka yangu akawa *an entrepreneur in the construction sector*. Akawa *gregarious*, hilo nililiweka kwa furaha. Akawa *magnanimous*, kwa sababu baba mkubwa alitaka kitu cha moyo. Hakuangukiwa na ukingo, *he met his untimely demise*. Na pale palipokuwa na mchanga, palipokuwa na kuchukia na kwenda tu hata hivyo, niliandika kwamba kazini alikuwa *indefatigable*.

Nitasema ukweli, kwa sababu hapa siongei na mtu. Nilipolipata hilo neno nilisikia vizuri. Nililitamka peke yangu. Kaka yangu alikuwa mochari na mimi nilisikia kile kitu unasikia ukijua utapata tiki mbili.

Siku yenyewe ilikuwa ya upepo. Hema lilikuwa linapumua. Tulisimama mstari mmoja, binamu zangu wawili wakinishika mabega, na maikrofoni ikapiga filimbi watu wakaziba masikio. Nilidhani koo litafunga. Halikufunga. Maneno yale makubwa yalinibeba. Nikiyasoma, hakuna uso uliobadilika pale chini, na uso usipobadilika mimi naweza kuendelea. Ilikuwa kama kusomea mawe.

Isipokuwa mama. Alikuwa amekaa mbele, amefungwa leso nyeusi, kichwa amekilaza upande mmoja, sikio limeelekea spika. Alikuwa anangoja. Kila nilipotaja jina la kaka aliinua kichwa, kwa sababu hilo alilijua, na alikaa hivyo amekiinua akingoja kitakachofuata jina. Kilichofuata ni Kizungu. Kichwa kinashuka kidogo. Nataja jina tena, kinainuka. Niliona hivyo hadi mwisho, na sikusimama, na sikuongeza hata neno moja la Kikamba, ingawa maikrofoni ilikuwa mkononi mwangu na hakuna mtu angeninyang’anya. Sijui kwa nini. Nilikuwa nasoma kilichoandikwa.

Watu walipiga makofi. Kwa mazishi! Mchungaji akachukua maikrofoni akasema, “Huyu msichana, hicho Kizungu, ni kama alizaliwa ng’ambo. Mungu amtunze.” Wakaitika amina. Chifu alitikisa kichwa. Mwenye malori alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, “Umemtendea haki.” Mwalimu wangu wa Kiingereza alikuwa amekuja na wasichana wachache wa darasa letu. Alinikumbatia pale karibu na kaburi, analia, na akiwa analia akaninong’oneza, “Na *indefatigable* umeitumia sawa kabisa.” Alimaanisha kunituliza. Nilijua. Nilimwambia asante.

Halafu vijana wa mtoni wakachukua sepetu zao, zile zile, wakamfunika.

Baada ya wiki moja hivi nilikuwa bado sijarudi shule. Mchana mmoja tulikuwa tumekaa nje na mama tukibambua mbaazi, ungo katikati yetu. Wageni walikuwa wameisha. Hema lilikuwa limerudi kwa mwenyewe na kuacha mashimo ya vyuma uwanjani, na kuku walikuwa wanaoga vumbi ndani yake. Mama akaweka mkono kifuani, akatoa programu. Alikuwa ameikunja ikawa ndogo kama kitambulisho. Akaikunjua kwa magoti yake, akainyoosha kwa kiganja.

“Nisomee.”

“Nilisoma, mwaitu.”

“Ulisomea watu. Mimi bado.”

Nikachukua. Nilianza kusoma kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa, na akanigusa goti.

“Si hivyo. Nataka kila moja, inasema nini.”

Nilimwambia alizaliwa wapi, na shule gani. Akatikisa kichwa. Nilifika kwa *gregarious*, nikamwambia ni mtu anayependa watu.

“Hiyo ni yeye,” akasema. “Hiyo waliandika vizuri.” Alisema *waliandika*, kama si mimi.

“Hapa inasema alikuwa na moyo mkubwa, wa kusamehe watu.”

Mama aliniangalia. “Na yule wa mbuzi? Alimsamehe lini?”

Tulicheka kidogo, sote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nilifikiri labda itaenda sawa.

“Haya. Teremka chini.”

“Hapa… alikuwa mfanyabiashara. Wa mambo ya ujenzi.”

“Alijenga wapi?”

“Hakujenga. Ni vile inasemwa.”

“Inasemwa hivyo kwa Kizungu?”

“Ndiyo.”

“Haya.” Akabambua mbaazi moja, akaitupa kwa ungo. “Na hiyo ndefu?”

Alikuwa ameweka kidole juu yake. Hajui kusoma lakini aliona ni ndefu kuliko zingine.

“Inasema alikuwa mtu asiyechoka.”

Mkono wake ulisimama.

“Asiyechoka kivipi?”

“Kazini. Kwamba hata afanye kazi namna gani, hachoki.”

“Nani alisema hivyo?”

Nilianza kutafuta mstari unaofuata.

“Nani alikaa na yeye akaona hachoki? Huyo mtoto alikuwa analala chakula kikiwa mdomoni. Nilikuwa namtoa viatu kama mtu aliyelewa. Hachoki!” Sauti yake haikuwa kubwa. Alikuwa anaongea na ungo. “Asubuhi ile aliniambia mwili umekataa. Aliniambia, mwaitu, leo wacha nilale. Nikamwambia shule inafunguliwa na mtoto hana viatu. Akaamka. Alikaa hapo mlangoni akavaa gamboti. Chai hakumaliza.”

Hili sikuwa nalijua. Nilikuwa bado nimelala wakati huo. Miguu yangu ilikuwa hapo mbele yetu sote wawili, mitupu, na sikuwa na pa kuiweka. Nilitafuta neno. Naandika hivi si kwa mapambo. Nilitafuta kabisa, kwa lugha zote tatu, na kichwa changu ambacho kiko na maneno mengi hivyo kilikuwa kama mto wetu mwezi wa tisa.

“Endelea,” mama akasema.

“Imebaki kidogo tu.”

“Hiyo kidogo.”

“Inasema alikufa mapema, kabla ya wakati wake.”

“Alikufa na nini?”

“Hawajasema.”

“Mchanga uko wapi?”

“Haujaandikwa, mwaitu.”

Alichukua karatasi mikononi mwangu. Akaipitishia kidole, mstari baada ya mstari, kutoka juu hadi chini, pole pole, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka kwa mkeka. Akaigeuza nyuma, kwa nyimbo, akatafuta na huko.

“Hakuna mahali?”

“Hakuna.”

Kuku mmoja alikuja hadi kwa ungo akaiba mbaazi na hakufukuzwa.

“Mwaitu,” nikasema, “wacha nikuambie mimi. Kwa Kikamba. Nitakuambia yote alivyokuwa, kutoka mwanzo. Sasa hivi.”

“Mimi najua alivyokuwa.” Aliikunja programu mara moja, mara mbili, ikarudi ndogo. “Nilitaka uwaambie hao. Wakiwa wamekaa.”

Akanipa.

“Peleka shule,” akasema. “Huko ndiko wanakisikia hicho Kizungu.”

Hakuwa amekasirika. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya, ningeomba msamaha. Alivuta ungo karibu na yeye, akaendelea kubambua, na mimi nikakaa hapo nimeshika karatasi ambayo ndani yake kuna jina la kaka yangu na kazi ya mtu mwingine, na mchana ulikuwa bado mrefu, na mbaazi zilikuwa nyingi.